Krenki 175, 165 au 152? Nimezipanda zote tatu kwa baskeli moja, Pemba na Unguja

Naanza na jibu kabisa ili asie na muda aende zake. Kama we ni mfupi kama mie (sm 163), magoti yanakusumbua au kitambi kishaanza kutangulia, na baskeli yako ina gia nyingi, toa hizo krenki za milimita 175 weka za 165, hutojuta. Kama baskeli yako ni ya gia moja na unabebea mzigo kwenye vilima vya Pemba, usiguse krenki kabla hujagusa gia ya nyuma, maana utapanda kilima cha mwanzo tu utarudi kunitukana. Na 152 ni ya mtoto, au ya mtu mzima mwenye sababu zake, nitazisema huko mbele.

Krenki nnazozungumzia ni ile mikono miwili inayoshika pedeli. Urefu wake unahesabiwa kutoka katikati ya ekseli ya kati mpaka katikati ya tundu la pedeli, sio ncha kwa ncha, watu wengi wanapima ncha kwa ncha halafu wanasema "yangu mie ina 190" kumbe hamna. Mara nyingi huhitaji hata rula: laza baskeli, futa tope nyuma ya mkono karibu na pale pedeli inapoingia, utakuta 170 au 175 imegongwa kwenye chuma. Ikiwa imefutika, simamisha krenki wima, pima kwa wima, sio mshazari, kutoka kimo cha ekseli ya pedeli ya juu hadi kimo cha ekseli ya pedeli ya chini, gawa kwa mbili, khalas.

Baskeli niliyofanyia huu mchezo ni mauntini ya mtumba, ringi 26, gia 3 mbele na 7 nyuma, ilikuja na 175 kama mauntini nyingi zinavokuja. Mie fundi friji, natembea majumbani na begi la vyombo, kwetu Wete lakini kuna miezi nakaa Unguja kwa shemeji Fuoni, kwa hivo baskeli imeonja kote kuwili. Goti la kulia lilikua linaniuma upande wa mbele kila nikitoka Wete kwenda Chake, na ile njia sio ndefu, kilomita 22 hivi, lakini Pemba unaijua, unashuka bonde la mpunga, unapanda kwenye mikarafuu, hujatulia pumzi unashuka tena.

Hapa niseme kitu ambacho anaekuuzia krenki hatokwambia. Goti kuuma mbele mara nyingi ni kiti kiko chini tu. Mie kwanza nilipandisha kiti, maumivu yakapungua nusu nzima bila ya kutoa hata shilingi. Basi kabla hujaenda kutafuta krenki yoyote kaa juu ya baskeli, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unatakiwa uwe umenyooka. Ukiwa bado umekunja, tatizo lako ni kiti, sio krenki, pandisha uende zako. Ile nusu iliobaki ndo iliyonipeleka kwenye 165.

Sasa tofauti yenyewe. Ukisikia milimita 10 unaona kitu gani hicho, upana wa kidole kidogo. Lakini angalia hesabu: krenki ikifupika milimita 10, pedeli ikiwa chini inakua juu zaidi kwa milimita 10, kwa hivo na kiti unakipandisha 10 ili mguu unyooke vilevile. Pedeli ikiwa juu kabisa nayo imeshuka 10, na kiti umeshakipandisha 10, jumla goti lako linakunjika chini ya zamani kwa milimita 20. Ukienda 152 ndo milimita 46, karibu sentimita 5 nzima! Hapo ndo siri yote ilipo, sio chini, ni pale juu ambapo goti linakaribia tumbo na nyonga inabanwa. Kwa mtu mfupi anaepanda 175 kila mzunguko ni kama kupanda ngazi ya nyumba ya Mji Mkongwe, zile ndefu za mbao, unaijua hiyo ngazi.

Kwenye 175 nilikua nasikia kitu kimoja ambacho sikua najua jina lake mpaka kilipoondoka. Kila pedeli ikifika juu kuna kama kusita kidogo, mguu unaruka ile sehemu, halafu unasukuma kwa nguvu kuteremka, baskeli inakwenda kwa vishindo. Kiuno kinacheza juu ya kiti kulia kushoto. Nilidhani ndo uendeshaji wenyewe. Faida yake ipo lakini, tusiionee: ukisimama juu ya pedeli kwenye kilima kikali na gia nzito, 175 inakupa mkono mrefu wa kusukumia, unahisi uzito wako wote unafanya kazi. Kaka yangu ana sm 186, ile ile baskeli yangu akiipanda na 175 anasema iko sawa kabisa, na akiipanda na 165 anasema kama anapanda ya mtoto wa skuli. Kwa hivo 175 sio mbaya, ni ya watu wake.

Siku ya kwanza na 165 nikawa naona ajabu, miguu inazunguka haraka kuliko nilivozoea, kama cheni imelegea. Siku ya tatu hivi nikasahau. Baada ya wiki mbili goti likanyamaza, na kile kiuno kucheza kikaisha. Jengine ambalo sikulitegemea ni kanzu. Ijumaa mie naenda msikitini na baskeli, na kwenye 175 goti likipanda linavuta kanzu mpaka inapanda juu ya ugoko, unafika unajinyoosha mlangoni kama umetoka kuvuliwa na nyavu. Na 165 kanzu inatulia. Dada yangu anaepanda ya Kijapani, ile yenye kikapu mbele, akacheka akasema mbona yeye juba halijawahi kumsumbua, tukageuza yake tukaangalia nyuma ya mkono: 165. Wajapani washayamaliza hayo zamani kumbe.

Faida nyengine ndogo ndogo: pedeli inakaa juu zaidi na ardhi kwa hiyo milimita 10, na kama unapita njia za mawe ya matumbawe kule Makunduchi na Kizimkazi, au mizizi ya msitu wa Ngezi, unajua pedeli inavogonga jiwe ukakaribia kuruka mbele ya usukani. Imepungua, sio kuisha. Na kidole cha mguu kugusa tairi la mbele ukikata kona ya kichochoro pia kimepungua.

Ubaya wa 165 kwangu ni mmoja tu na watu hawausemi, kiti kikipanda na ardhi inakua mbali. Darajani pale, daladala imesimama ghafla mbele yako, mguu unatafuta chini hauipati, inabidi uteremke kwenye kiti kabisa. Kwa mtu mfupi alobeba kapu la vitu nyuma hilo sio dogo.

Na 152? Hizo niliziokota kwenye baskeli ya mtoto ya ringi 24 iliovunjika fremu, nikasema hebu. Wallahi goti halisikii chochote, unakaa kama upo kwenye kiti cha barazani unachezea miguu. Lakini kiti nilikipandisha sentimita 2 na kitu, nikawa juu kama mwizi wa madafu, kusimama ni mtihani, na kwenye gia nzito ilikua kama kufungua bolti iliokaza kwa spana fupi. Nilikaa nazo siku nane nikazitoa. Ila namjua mzee mmoja aliefanyiwa operesheni ya goti, goti lake halikunjiki zaidi ya pale, kwake 152 ndo tofauti ya kupanda baskeli na kukaa nyumbani. Na watu wafupi sana, sm 150 kushuka, wasizicheke. Hizo ndo sababu nilizosema.

Haya tuje kwenye bishano kubwa la kila kijiwe, nguvu. "Mkono mfupi utapoteza nguvu." Kuna ukweli na kuna uongo hapo, na vimechanganyika kama mchele na mawe.

Uongo ni huu: mwili wako haupungui nguvu kwa kufupisha krenki. Mwaka 2001 James Martin na Waneen Spirduso walitoa utafiti wao, waliwapandisha waendesha baskeli kwenye krenki za aina tano, 120, 145, 170, 195 na 220, wakapima nguvu ya juu kabisa mtu anayoweza kuitoa, na baina ya ilofanya vizuri zaidi na ilofanya vibaya zaidi tofauti ilikua asilimia 4 tu. Na hizo mbaya ni zile za mwisho kabisa, 120 na 220, ambazo hata ukiingia kila duka la spea huzioni. Hapo katikati tofauti ni kidogo mno. Ule ulikua mtihani wa kukazana sekunde chache, sio wa kubeba magunia, lakini hoja ya "nguvu inapotea" unaijibu. Tena yule muendesha baskeli za mashindano wa Slovenia, Tadej Pogačar, ana sm 176, mwaka 2024 alikua kwenye 165 na mwaka huo huo kachukua Giro, yale mashindano makubwa ya Italia, kachukua Tour de France na ubingwa wa dunia. Kama 165 inapoteza nguvu basi tuipoteze sote.

Ukweli ni huu: gia ikibaki ile ile, mguu utasukuma kwa uzito zaidi. Krenki ni wenzo, ukiufupisha inabidi usukume kwa nguvu zaidi. Kutoka 175 kwenda 165 ni karibu asilimia 6 zaidi kwenye kila kusukuma, kwenda 152 ni asilimia 15. Unachokipata badala yake ni kuwa duara la mguu limekua dogo. Kwenye 175 mguu unatembea kama sentimita 110 kwa mzunguko, 165 ni 104, 152 ni 95 na nusu. Mguu ukienda mwendo ule ule, mizunguko 70 kwa dakika ya 175 ni sawa na 74 ya 165 na kama 80 ya 152. Kwa hivo mwili wenyewe unataka uzungushe haraka zaidi kwenye gia nyepesi zaidi, nguvu inabaki pale pale. Tatizo linakuja ikiwa hiyo gia nyepesi huna.

Ndo maana kwenye mauntini yangu sikupata taabu yoyote, nashusha gia moja nyuma naendelea. Nikiwa Unguja, njia ya Paje mpaka Makunduchi ni tambarare, na mwezi wa saba kusi inakuja usoni kama mtu anakusukuma kifuani, pale na 165 nashusha gia nazunguka taratibu, nafika bila kuvunjika. Na 175 nilikua naishindania ile upepo kwa magoti. Kaskazi ikivuma ukirudi ndo imegeuka, lakini hayo mambo ya upepo waulize wavuvi.

Pemba kwa gia moja ni hadithi nyengine. Ami yangu ana Phoenix, ile nyeusi ya ringi 28, anashusha gunia la karafuu kutoka shamba mpaka barabarani, siku nyengine mawili. Aliponiona na krenki fupi na goti limepona akasema, "Mwanangu, na mie nitafutie hizo." Nikamwambia, "Ami, subiri kwanza tupime." Tukachukua rula ya mtoto wa skuli. Sentimita 16 na nusu! Yaani ami muda wote huo yupo kwenye 165 na mie nazunguka mji mzima natafuta. Taabu yake haikua krenki hata kidogo, gia yake ilikua meno 44 mbele na 18 nyuma, nzito kwa gunia na kilima. Tukamuekea ya meno 20 nyuma, na cheni tukaiongeza pingili, sasa anapanda amekaa. Kwenye tambarare ya barabara kuu anazunguka miguu kama cherehani na analalamika, lakini analalamika akiwa juu ya baskeli, zamani alikua anaisukuma kwa mikono.

Kwa mwenye gia moja ambae kweli ana 175 au 170 na anataka kufupisha, hesabu ni rahisi: kwa 44 mbele na 18 nyuma, ukitoka 175 kwenda 165 weka 19 nyuma utabaki na uzito ule ule wa mguu. Ukienda 152 inabidi 21. Ukibadilisha krenki bila gia utakua umetibu goti kwa mkono mmoja unalipiga kwa mwengine. Na hizo Phoenix na wenzake krenki zake zinashikwa na kile kipini cha chuma kinachogongwa kwa nyundo, ukikitoa mara nyengine hakirudi vizuri, kinakatika au kinacheza, kwa hivo kwa nini ujitafutie maneno.

Swali la urefu gani kwa mtu gani. Kuna kanuni ya Lennard Zinn, Mmarekani anaetengeneza fremu, anasema chukua urefu wa mguu kwa ndani, kutoka chini mpaka pale kwenye msamba, krenki iwe asilimia 21 mpaka 21.6 yake. Mie mguu ni sm 76, inanipa 160 mpaka 164, kwa hivo 165 imenikaa karibu. Lakini kaka yangu mguu sm 90 inampa 189 mpaka 194, hiyo huipati Zanzibar nzima hata ukatafuta kwa tochi, basi yeye anabaki na 175 yake anasema alhamdulillah. Mie kanuni hiyo naiamini zaidi kwa wafupi, kwa sababu wafupi ndo wanaopewa krenki kubwa kuliko miguu yao, mauntini ya fremu ndogo na ya fremu kubwa mara nyingi zote zinakuja na 170 au 175 ile ile.

Kwenye kununua niliumizwa kidogo. Nilichukua pea ya mtumba kwa muuza spea mmoja mjini, bei nzuri, zimesafishwa zinang'ara, nikafunga usiku kwa taa ya simu. Siku mbili nyonga ya kushoto inauma, nikasema basi hizi fupi haziniwezi, nikakaribia kuzitoa. Kuja kuangalia vizuri mkono wa kulia 165, wa kushoto 170! Angalia namba ya mikono yote miwili kabla hujatoa pesa, usiangalie mmoja.

Na angalia tundu la katikati. Krenki za mitumba nyingi ni za tundu la mraba, zinabanwa na bolti, likishalegea mtu akaendelea kupanda ile mraba inaliwa inakua duara, na ikishaliwa hata ukaze na winchi ya bandari haishiki tena. Utaijua kwa kuangalia pembe za tundu, ziwe kali. Kuzitoa unahitaji pula yake, kile chombo cha kuvutia krenki, usikubali fundi aanze na nyundo na patasi, atakuumizia ekseli. Pedeli ya kushoto uzi wake umegeuzwa, unafungua kwa kuzungusha kama unakaza, wangapi wameharibu krenki nzuri hapo. Na za mtoto zile za chuma kimoja kilichopindwa kulia kushoto usizihangaikie, hazivuki kwenda baskeli nyengine na tundu lake la pedeli ni dogo.

Ukishafunga, kiti kipandishe kwa kiasi kile kile ulichofupisha, kisha kirudishe nyuma kidogo kwa sababu mguu nao umerudi nyuma, mie nilirudisha kama milimita 8. Usukani ukihisi umekua chini, kwa sababu kiti kimepanda, uinue. Panda siku moja halafu kagua bolti. Na jipe wiki mbili kabla hujahukumu, siku tatu za mwanzo zinadanganya.

Ile pea mchanganyiko muuzaji alinibadilishia, tulizozana kidogo lakini alibadilisha. Za 152 nishamfungia mtoto wa dada yangu kwenye baskeli yake, zimemkaa kama zimezaliwa nae. Za 175 zipo chini ya kitanda, mraba wake mzima, pembe kali, mtu wa sm 185 kupanda juu alie Wete au anaepita Wete aje tuonane, bei tutaelewana.